Aliyekata kulia

Gari na pikipiki zikigongana kwenye makutano hapa Dar es Salaam, hukumu inatoka kabla majeruhi hajainuliwa. Boda wa kijiwe cha jirani wanafika wa kwanza, wanalizunguka gari, na kwao kesi imekwisha: mwenye gari kamgonga mwenzetu. Abiria wa daladala wanachungulia dirishani, na kwao pia kesi imekwisha: hawa bodaboda wamezidi, barabara wameifanya yao. Nimeyasikia yote mawili mara nyingi mno. Huhitaji kumjua mtu ili ubashiri atasema nini. Tazama tu amekaa kwenye chombo gani. Asikike basi hata mmoja anayeuliza gari lilikuwa linatoka wapi kwenda wapi, nani alikuwa na taa ya kijani, pikipiki ilikuwa upande gani wa barabara. Hakuna.

Mimi naendesha gari. Mdogo wangu wa tumbo moja anaendesha bodaboda, na hiyo ndiyo inayomlipia kodi ya chumba na ada ya mtoto. Kwa hiyo sina upande wa kushabikia. Nikimpigia usiku simu ikaita bila kupokelewa, mawazo yangu yanakwenda moja kwa moja kwenye mataa ya Buguruni, na nikiwa mwenyewe kwenye usukani nasubiri kuingia kulia, najua anayekuja mbele yangu naye ana dada yake mahali fulani. Tumebishana sana mimi na mdogo wangu juu ya jambo hili, na nimesoma nilichoweza kukipata. Msimamo wangu ni huu: kosa la ajali ya makutano linapimwa kwa kuangalia nani alikatisha njia ya nani. Kwa kipimo hicho, dereva wa gari anayekata kulia mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja ndiye mwenye kosa kubwa, hata kama kweli hakuiona. Na kwa kipimo hicho hicho, zipo ajali ambazo boda anazitafuta mwenyewe, na kumwonea huruma hakubadilishi ukweli huo.

Nianze na ile inayonitisha kuliko zote.

Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kona yetu ya hatari ni ya kulia. Hiyo ndiyo inayokulazimu upite katikati ya njia ya wanaokuja. Uko barabara ya Shekilango, unataka kuingia mtaani Sinza. Umeshasogea katikati, indiketa inawaka, daladala nyuma yako inapiga honi utadhani imebeba mgonjwa. Magari yanapita mbele yako, la kwanza, la pili, la tatu, halafu unaona nafasi. Unakanyaga mafuta. Ile nafasi haikuwa tupu. Kulikuwa na pikipiki ndani yake, na abiria nyuma ameshika mfuko wa mboga.

Dereva akishuka, maneno yake ya kwanza ni kwamba hakumwona. Boda wanaosimama pale wanayachukulia kama uongo wa mchana, na hapo ndipo wengine huanza kurusha ngumi. Mimi huwa nayaamini. Karibu kila mara ni kweli kabisa kwamba hakumwona, na hilo limechunguzwa kwa muda mrefu.

Mwaka 1981, Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya kazi waliyoifanya Los Angeles. Walifika wenyewe kwenye eneo la tukio la ajali za pikipiki zipatazo 900, wakapitia na taarifa za polisi za ajali nyingine 3,600. Sehemu kubwa, robo tatu hivi, pikipiki ilikuwa imegongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo la abiria. Na katika hizo za kugongana, theluthi mbili kosa lilikuwa la dereva wa chombo kile kingine: aliingia kwenye njia ya pikipiki iliyokuwa na haki ya kupita. Mahali palipoongoza ni makutano. Sura iliyojirudia ni ile ile ya Shekilango, tofauti ni kwamba kwao wanaendesha kulia, hivyo aliyekatisha njia alikuwa anakata kushoto.

Miaka ishirini baadaye Ulaya nao wakachunguza ajali 921 katika Ufaransa, Ujerumani, Italia, Uholanzi na Hispania, uchunguzi unaojulikana kwa jina la MAIDS. Nusu ya ajali hizo chanzo kikuu kilikuwa kosa la dereva wa chombo kingine, na asilimia 37 kosa la mwendesha pikipiki. Zaidi ya theluthi moja ya ajali zote zilitokana na kitu kimoja tu, dereva yule kutoiona pikipiki. Humo kuna jambo ambalo sijaacha kulifikiria tangu nilisome: madereva wa magari waliokuwa pia na leseni ya pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufanya kosa hilo la kutoona. Macho yao ni yale yale ya binadamu wengine. Walichozidi ni kwamba walikuwa wanatarajia pikipiki iwepo.

Jicho la binadamu linaona kwa ukali sehemu ndogo sana ya kilicho mbele yake, upana wa dole gumba hivi ukinyoosha mkono. Kilichobaki kinaonekana kwa ukungu na ubongo unajazia. Ukitupa macho haraka kulia na kushoto, jicho linaruka kwa vituo, na katikati ya kituo na kituo ubongo hauchukui picha. Gari ni pana, litanaswa tu na kituo kimojawapo. Pikipiki inaweza kupotea hapo katikati. Halafu kuna ile nguzo ya bodi inayoshikilia kioo cha mbele. Ukitoka mtaani polepole kuingia barabara kuu, na pikipiki ikaja kutoka kulia kwako, vyombo viwili vinaweza kwenda kwa uwiano ambao pikipiki inabaki nyuma ya nguzo hiyo tangu mwanzo hadi mnagongana. Dawa yake ni kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia, kazi ya sekunde moja. Sikumbuki kama kuna mwalimu yeyote wa udereva aliyewahi kunifundisha.

Hata ukiiona, unaipima vibaya. Majaribio yameonyesha kwamba watu hudhani pikipiki itachelewa kufika kuliko gari, ingawa vyote viwili viko umbali mmoja na vinakuja kwa mwendo mmoja. Kitu chembamba kikija moja kwa moja usoni kwako hukioni kikikua mpaka kimeshakaribia. Ni kama mtu anayekujia gizani na tochi, huwezi kujua yuko hatua ngapi mpaka ameshafika. Usiku inakuwa mbaya zaidi, taa moja haina mwenzake wa kukupa kipimo cha umbali. Malaysia, nchi yenye pikipiki kuliko tunavyoweza kufikiria, iliamua mwaka 1992 kwamba pikipiki ziwashe taa hata mchana, na ajali za aina hii ya kutoonekana zilishuka kwa karibu asilimia 29. Hapa kwetu bado naona boda wanaozima taa saa moja jioni, eti wanatunza betri.

Haya yote yanaeleza kwa nini dereva hakuona. Bado hayamwondolei kosa, na hapa ndipo ninapotofautiana na wenye magari wenzangu. Anayekata kulia ndiye anayechagua sekunde ya kuingia. Anayekuja moja kwa moja hachagui kitu. Yeye yuko njiani kwake, na njia hiyo amepewa na sheria. Ikiwa unajua kwamba jicho lako lina udhaifu, na kwamba kilichoko upande wa pili wa udhaifu huo ni kifua cha mtu, basi wajibu wako ni kusubiri mpaka umehakikisha. Honi ya daladala nyuma yako haikupi haki yoyote. Utachelewa kidogo.

Mdogo wangu ana namna yake ya kuishi na hili. Siku moja nilimuuliza anajuaje kama dereva aliyesimama katikati amemwona.

"Sijui, dada," akaniambia. "Mnatuangalia usoni kabisa halafu mnaingia. Mimi nimeacha kuangalia macho ya dereva. Naangalia tairi la mbele la gari. Likianza kuzunguka, nimeshaanza kushika breki. Tairi halina maneno mengi."

Ushauri huo nimekuja kuukuta baadaye kwa wakufunzi wa pikipiki wa nchi za mbali. Yeye aliupata barabarani, bila darasa, kama wengi wao. Ripoti ya Hurt ilikuta asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwahi kufundishwa rasmi, walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki, na hiyo ilikuwa Marekani. Sisi tuliziruhusu pikipiki kubeba abiria kisheria mwishoni mwa muongo wa 2000, kanuni zake zikatoka mwaka 2010, na vijana waliingia kwenye kazi hii kwa maelfu kabla ya mtu yeyote kufikiria nani atawafundisha kona na breki.

Breki nitazirudia. Kwanza upande wa boda wenyewe, kwa sababu nilisema sina upande.

Foleni imesimama barabara ya Mandela. Boda anapita pembeni ya magari yaliyosimama, upande wa kulia, karibu na mstari wa kati, mwendo haujapungua. Kushoto kuna mtaa, na ndani yake gari dogo linasubiri kutoka liende kulia. Dereva wa daladala kwa ukarimu wake anaacha nafasi mbele, anampungia mkono: pita. Mwenye gari anatoka, pua ya gari inachomoza mbele ya daladala, na boda anamfikia hapo hapo. Yeye hakuweza kuliona gari kwa sababu daladala ni kubwa, na mwenye gari hakuweza kumwona yeye kwa sababu hiyo hiyo. Nani mwenye kosa?

Wapita njia watamlaumu mwenye gari, maana ndiye aliyetoka mtaani. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliwahi kukutana na jambo linalofanana na hili karibu kila kitu. Katika kesi ya Powell na Moody ya mwaka 1966, mwendesha pikipiki alikuwa anaipita foleni iliyosimama, dereva wa gari la kubebea maziwa akamwachia nafasi mwenye gari aliyekuwa anatoka barabara ya pembeni, wakagongana. Mahakama ikampa mwenye pikipiki asilimia 80 ya lawama, mwenye gari 20. Hoja ilikuwa kwamba anayeipita foleni iliyosimama amejitwisha hatari na lazima awe mwangalifu kupita kawaida. Lakini mwaka 2006, katika kesi ya Davis na Schrogin, mahakama hiyo hiyo ilikataa kumlaumu mwendesha pikipiki hata kidogo: alikuwa anaipita foleni mahali panapoonekana vizuri, na dereva mmoja ndani ya foleni akaamua ghafla kugeuza gari arudi alikotoka. Hukumu za Uingereza hazizifungi mahakama zetu, ila sheria yetu ya madai ina mizizi huko, na mawakili wetu bado wanazinukuu.

Nilimsimulia mdogo wangu ile ya kwanza, akakasirika. Kwake asilimia 80 ni uonevu, kwa sababu kupita pembeni ya foleni ndiyo kazi yenyewe. Abiria asingepanda boda kama boda naye angekaa kwenye foleni. Namwelewa. Bado nadhani mahakama ilikuwa karibu na haki kuliko yeye, kwa sababu moja: kwenye ajali hiyo ya daladala, aliyekuwa na uwezo wa kuiepuka ni boda. Nafasi iliyoachwa mbele ya daladala iliyosimama ina maana yake, na mtu anayefanya kazi barabarani kutwa anajua kwamba mbele ya nafasi hiyo kuna kitu kinatoka, gari au mtoto wa shule anayevuka. Apunguze mwendo mpaka aweze kusimama. Ningempa boda 60 au 70, kwa sababu kwenye barabara zetu mwenye gari naye anajua fika kwamba boda wapo pembeni ya kila foleni, na alipaswa kuchungulia sentimita kwa sentimita. Mdogo wangu anasema 50 kwa 50. Tumeachana hapo.

Dereva wa daladala aliyepunga mkono hatajwi na mtu. Yeye alishaondoka.

Kwenye mataa mambo yanachafuka kwa namna nyingine. Trafiki akisimama katikati, mkono wake unashinda taa, hiyo ni sawa na ndiyo sheria. Ila upande mmoja ukizuiwa muda mrefu, boda wote wanapenya mpaka mbele, wanavuka mstari, wanakusanyika nje kabisa ya mataa, injini zinaunguruma, macho yako kwa trafiki. Anapoinua tu mkono, au hata kabla hajauinua, wameshachomoka. Na upande uliokuwa unapita, daima kuna gari la mwisho linalokimbilia, dereva anajua ameshasimamishwa lakini anaona akikaa hapo atakaa nusu saa. Gari la mwisho na boda wa kwanza wanakutana katikati. Hapo sina maneno mengi: aliyevuka baada ya kusimamishwa ana kosa, aliyechomoka kabla ya kuruhusiwa ana kosa, na kama wote wawili walifanya hivyo wagawane. Boda anayepita taa nyekundu akagongwa na gari lenye kijani, kosa ni lake, hata avunjike mara ngapi. Vivyo hivyo anayejiingiza kwenye njia ya mwendokasi akakutana na basi kwenye makutano. Njia ile haikuwekwa kwa ajili yake, na dereva wa basi lile hana pa kukwepea.

Nimesema nitazirudia breki. Hurt alikuta kwamba tangu hatari inapojitokeza mpaka kugongana, mwendesha pikipiki huwa na chini ya sekunde mbili. Hesabu yake ni fupi. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wetu kwenye maeneo ya makazi, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Hesabu sekunde moja ya kushtuka, ongeza umbali wa breki nzuri kwenye lami kavu, utasimama ndani ya mita 30 hivi. Kwa kilomita 70 utahitaji mita 50. Na pale pale ambapo wa 50 ameshasimama, wa 70 bado anakwenda kwa zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Huyu wa 70 hakufika na mwendo mdogo uliozidi kidogo. Amefika na ajali kamili.

Hayo ni kwa anayejua kutumia breki zote mbili. Boda wengi wanakanyaga ya mguu tu, ya nyuma, kwa sababu waliambiwa ya mbele inarusha mtu. Hurt aliliona hilo hilo Los Angeles: wengi walikanyaga ya nyuma mpaka tairi likaburuza, wakaisahau ya mbele ambayo ndiyo yenye nguvu. Ukitegemea ya nyuma peke yake, zile mita 30 zinakuwa zaidi ya 40. Ulaya walishaamua kwamba pikipiki mpya zenye injini ya zaidi ya cc 125 ziwe na mfumo wa kuzuia tairi lisigande unapofunga breki, ikawa lazima kwa zote mpya kuanzia 2017. Pikipiki nyingi za kazi zinazouzwa kwetu ni ndogo, zenye breki za ngoma mbele na nyuma. Kijana anapewa mkataba, analeta hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, na viatu vya breki ni kitu cha mwisho atakachonunua.

Mwendo unaingia kwenye lawama kwa njia nyingine pia. Dereva anayekata kulia anapima nafasi kwa kutegemea kwamba anayekuja anafuata kibao. Kama boda anakuja kwa 80 mahali pa 50, amemnyima dereva uwezekano wa kupima sawasawa. Hapo ninamwondolea dereva sehemu ya kosa. Sehemu, maana bado yeye ndiye aliyekatisha.

Kofia ngumu ni mjadala tofauti na watu huuchanganya na huu. Kutokuvaa kofia hakusababishi kugongana, kwa hiyo hakumfanyi mtu awe chanzo cha ajali. Kunaweza kupunguza fidia yake. Uingereza, katika kesi ya O'Connell na Jackson ya 1972, aliyeumia kichwa bila kofia alipunguziwa asilimia 15. Kinachoniuma mimi ni kwamba kofia inapunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na bado abiria wetu wanaikataa kwa sababu ya nywele au ya jasho la mtu aliyeivaa kabla yao. Kigali abiria anavaa kofia bila kubembelezwa. Kwetu mshikaki wa watu watatu unapita mbele ya trafiki, vichwa vitatu wazi.

Lawama ikishajulikana, au hata isipojulikana, kinachofuata ni kumalizana. Hapa nina hasira kidogo, niseme tu.

Kundi limezunguka gari. Mwenye gari anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Anatoa hela ya dawa, boda anapakiwa kwenye bajaji, kila mtu anatawanyika. Wakati mwingine aliyelipa hakuwa na kosa lolote. Alilipa kwa sababu ana gari na wengine hawana. Hiyo ni dhuluma. Lakini dhuluma kubwa zaidi ninaiona upande wa pili. Kijana mguu umevunjika mahali pawili, amepokea hela ambayo haitoshi hata picha ya eksirei na plasta, hakuna ripoti ya polisi, hakuna mchoro wa ajali, namba ya gari hakuna aliyeiandika. Wiki ya pili hospitali wanamwambia anahitaji chuma. Pikipiki ya mkataba iko gereji, mwenye nayo anataka hesabu yake.

Na gari lile lilikuwa na bima. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye chombo cha moto awe na angalau bima ndogo, na kazi ya bima hiyo ni kulipia watu wengine wanaoumizwa au kuuawa na chombo chako. Ilitungwa kwa ajili ya mguu huo huo. Ila bima haiwezi kulipa ajali ambayo haijawahi kuandikwa popote. Ukimalizana barabarani umeitupa, na kama wewe ndiye mwenye gari, umelipa mfukoni kitu ulichokwisha kukilipia kwa mwaka mzima. Aliyeumia aende polisi, apate PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atibiwe, ajali ipimwe na kuchorwa. Najua ni usumbufu, najua kuna vituo ambavyo utazungushwa. Hata hivyo nasema aende.

Kuna mshitakiwa mwingine ambaye hafikishwi popote, naye ni makutano yenyewe. Mataa mengi hayana mshale wa kulia. Kijani kinapowaka, wanaokwenda moja kwa moja na wanaokata kulia wanaachiwa waelewane wenyewe katikati, na anayekata kulia anabaki kuwinda nafasi mpaka rangi ya njano, muda ambao boda wa upande wa pili naye anakimbilia kuvuka. Huhitaji mtu mkorofi ili watu waumie hapo. Mpangilio wenyewe unatosha. Mshale ungewatenganisha kwa sekunde chache tu. Pale Tazara, tangu daraja la Mfugale lifunguliwe mwaka 2018, na Ubungo tangu barabara za juu za Kijazi zifunguliwe 2021, wengi wa wanaokwenda moja kwa moja wanapita juu, na sehemu kubwa ya mapambano ya chini imekwisha. Hatuwezi kujenga madaraja Dar nzima. Mishale na rangi ya barabarani tunaweza. Kung'oa bango la matangazo lililowekwa kwenye kona kabisa, mahali ambapo dereva anapaswa kuona anayekuja, tunaweza leo. Mtaa wetu una kona ya namna hiyo, genge na bango vimeziba upande wote wa kulia, na kila ajali ikitokea pale tunabishana kuhusu dereva na boda, bango limesimama juu yetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani zinaua watu milioni 1.19 kwa mwaka, na mmoja kati ya watano hivi alikuwa kwenye pikipiki au bajaji. Madereva wa magari, mimi nikiwemo, tunafika kwenye ajali hizi tukiwa ndani ya chuma, na ndiyo sababu nasema tuanze sisi. Sogeza kichwa uangalie nyuma ya nguzo. Ukiona nafasi kati ya magari, chukulia kwamba ina pikipiki mpaka uhakikishe haina. Usimpungie mtu mkono apite mbele yako kama hujaangalia kioo cha pembeni kuona nani anakuja.

Na wewe uliyekuwa kwenye daladala ukaona kila kitu, usiishie kusema boda wamezidi au wenye magari wana dharau. Wewe ndiye pekee pale usiye na cha kupoteza, na neno lako lina uzito kuliko kelele za wote. Kumbuka mambo machache: gari lilikuwa linatoka wapi, indiketa iliwaka au haikuwaka, taa ilikuwa rangi gani na kwa upande upi, trafiki alikuwepo au hakuwepo, boda alikuwa upande gani wa foleni. Piga picha vyombo kabla havijasogezwa, zionekane namba na alama za matairi kwenye lami. Shuka, subiri askari wa kuchora afike, umwambie ulichokiona, ulichokiona tu, halafu mwachie namba yako ya simu na uipokee wakikupigia.